Mikondo miwili, geti moja: siasa ya ratiba katika sekondari za Afrika Kusini

Tangu Septemba 2024, Rais Cyril Ramaphosa alipotia saini marekebisho ya sheria za elimu yanayoruhusu shule kuagizwa iongeze lugha ya kufundishia, ubishi wa lugha shuleni huko Afrika Kusini umefika hadi kwetu, na kwetu umepokewa kwa namna moja tu: Makaburu wanang'ang'ania lugha yao, serikali inataka kuwafungulia watoto weusi milango. Anayesoma habari hizo Dar es Salaam au Mombasa huwa ameshachagua upande kabla hajafika aya ya tatu. Sina ugomvi na upande anaouchagua. Ninachoona ni kwamba ubishi wote umeelekezwa kwenye shule isiyo na fumbo lolote, ile ya Kiafrikana kitupu, na umeipita bila kuigusa shule yenye mambo: sekondari ya serikali inayofundisha kwa Kiafrikana na kwa Kiingereza. Shule za aina hiyo zipo nyingi, hasa jimbo la Rasi Magharibi na kwenye miji midogo ya bara, na sheria mpya huenda ikazaa nyingine. Zinasifiwa kuwa ndiyo suluhu ya katikati. Kwa maoni yangu, nyingi kati yake zimehamisha tu uzio kutoka nje ya shule kuuleta ndani.

Kwanza tuzitofautishe, maana jina moja linabeba shule mbili zisizofanana. Ipo shule ya mikondo sambamba. Wanafunzi wa darasa la 8, ambalo ndilo la kwanza la sekondari kule, wanagawanywa siku ya kwanza: hawa mkondo wa Kiafrikana, wale mkondo wa Kiingereza. Kuanzia hapo kila kundi lina vipindi vyake, vitabu vyake na karatasi yake ya mtihani. Halafu ipo shule ya lugha mbili darasani. Hapa watoto wote wanakaa pamoja na mwalimu anafundisha kwa lugha zote mbili, ama kwa kuzibadilisha ndani ya kipindi kimoja, ama kwa kugawa masomo, historia kwa lugha hii na jiografia kwa ile. Zikijitangaza kwa wazazi, zote hujiita shule za lugha mbili. Lakini mtoto anayetoka shule ya kwanza na yule anayetoka ya pili wamelelewa katika nchi mbili tofauti.

Hiyo ya mikondo ndiyo iliyoenea, na kuielewa inatosha kumfuata mwalimu mmoja kwa asubuhi moja. Kule mara nyingi mwalimu hukaa na chumba chake, wanafunzi ndio wanaohama. Linaingia darasa la 10 la Kiafrikana. Mwalimu wa sayansi ya viumbe anachora seli ubaoni, anaandika majina ya sehemu zake, anaeleza, anauliza maswali, kengele inalia. Anafuta majina, mchoro anauacha. Linaingia darasa la 10 la Kiingereza, na somo ni lilelile, mifano ileile, hata mzaha wa kuwaamsha wanaosinzia ni uleule, ila kwa lugha nyingine. Akitunga mtihani anautunga mara mbili, na lazima aangalie swali la nne lisiwe jepesi upande mmoja kuliko mwingine. Wakikutana ukumbini asubuhi, mkuu wa shule anachanganya: salamu kwa Kiafrikana, tangazo la raga kwa Kiingereza, sala nusu kwa nusu. Mwalimu ana lugha mbili barabara, na mkuu vilevile. Mfagiaji wa korido huenda anazo nne. Anayesomeshwa fizikia, historia na uhasibu kwa lugha moja tu ni mwanafunzi. Hiyo ya pili anaisoma kama somo, vipindi kadhaa kwa wiki, sarufi na insha, kisha anaifunga kwenye begi.

Sasa tazama nani anakaa wapi. Katika mkondo wa Kiingereza wamo watoto weupe wa nyumba za Kiingereza, wamo Wahindi, na wamo watoto wa Kizulu, Kitswana, Kisotho na Kixhosa ambao wazazi wao wameutaka Kiingereza kwa sababu wanazozijua vizuri. Katika mkondo wa Kiafrikana wamo Waafrikana, yaani Makaburu, na kwenye majimbo ya Rasi wamo pia watoto wa wale wanaoitwa machotara, ambao Kiafrikana ni lugha ya nyumbani kwao tangu mababu. Ukienda miji ya bara, kwa mfano Mpumalanga au Free State, ambako machotara ni wachache, mkondo wa Kiafrikana unabaki karibu mweupe wote. Hakuna aliyeandika kanuni ya rangi, na akiiandika kesho yake yuko mahakamani. Kazi hiyo inafanywa na ratiba.

Anayeona natia chumvi aisome kesi ya Chuo Kikuu cha Free State iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2017. Chuo kile kilikuwa na mikondo sambamba, Kiafrikana na Kiingereza. Kilipoamua kuachana nayo kilieleza bila kificho kwamba mpango ule, hata kama nia yake ilikuwa njema, ulikuwa umezaa madarasa ya weupe na madarasa ya weusi ndani ya majengo yaleyale. AfriForum, shirika la kutetea maslahi ya Waafrikana, lilipinga uamuzi wa chuo. Majaji walio wengi walisimama na chuo. Kama watu wazima wenye umri wa kupiga kura hawakuvuka korido kwenda kukaa na wenzao, sembuse watoto wa miaka 14.

Na kuna suala la fedha, ambalo halipewi nafasi kwenye hotuba. Nafasi za walimu wanaolipwa na serikali hugawanywa kwa kufuata zaidi idadi ya wanafunzi. Tuseme darasa la 11 lina watoto 50 wanaosoma fizikia, 12 mkondo mmoja na 38 mkondo mwingine. Lazima vipindi viwe mara mbili, hata kama chumba kimoja kina viti vitupu na kingine kimefurika. Pengo hilo huzibwa na bodi ya shule kwa kuajiri walimu wake yenyewe kutokana na ada ya wazazi. Kwa hiyo mikondo miwili iliyo imara ni anasa ya shule yenye wazazi wenye uwezo. Shule isiyotoza ada, na zisizotoza ndizo nyingi nchini humo, haiwezi kuthubutu.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii ilishawahi kuijua njia bora kuliko hiyo, ikaipima, ikaiona inafaa, ikaiua kwa mkono wake.

Vita kati ya Waingereza na Makaburu viliisha tarehe 31 Mei 1902. Lord Milner, gavana wa Kiingereza, aliazimia kuwageuza watoto wa Makaburu wawe Waingereza kupitia shule. Kiholanzi kikabanwa kwenye vipindi vichache kwa wiki. Waafrikana wanasimulia mpaka leo habari za mtoto kuvishwa kibao shingoni kilichoandikwa kwamba yeye ni punda kwa kuwa amezungumza Kiholanzi. Msomaji wa Kenya hapo atacheka kidogo, maana hicho kibao anakijua. Shuleni kwao kiliitwa monto au diski, na kilipita kutoka shingo hadi shingo mpaka jioni, lugha ya kosa ikiwa Kikuyu, Kijaluo au hata Kiswahili. Waafrikana walilipeleka jeraha lile kwenye siasa. Katika Free State, J.B.M. Hertzog alipitisha sheria ya elimu mwaka 1908 iliyotaka lugha zote mbili zitumike shuleni. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, katiba yake iliweka Kiingereza na Kiholanzi sawa kwa sawa, na mwaka 1925 Kiafrikana kikaingia rasmi katika nafasi hiyo.

Kutokana na hayo zikachipuka shule ambamo mtoto wa Kiafrikana na wa Kiingereza walikaa benchi moja. Mwaka 1938 mtaalamu wa elimu, E.G. Malherbe, aliwachunguza wanafunzi zaidi ya 18,000 ili kuona shule za namna hiyo zinafanya nini kwa mtoto. Matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi cha kuwaudhi wanasiasa. Waliosoma kwenye shule za lugha mbili waliipata lugha ya pili vizuri zaidi kuliko waliotengwa, na hawakupoteza chochote katika lugha yao ya kwanza. Zaidi ya hapo, uhasama kati ya makundi hayo mawili ulikuwa mdogo kwao. Hili la mwisho ndilo lililoponza mpango mzima. Serikali ya Jan Smuts ilitaka kuzieneza shule hizo. Wapinzani wake, waliokuwa wakijenga chama juu ya msingi wa Mwafrikana kujitenga, waliona wazi kwamba mtoto aliyecheza na kusoma na Mwingereza kwa miaka 12 hatakuwa mpiga kura wao wa uhakika. Waliposhika serikali mwaka 1948 hawakuchelewa. Mwaka uliofuata jimbo la Transvaal likapitisha amri ya lugha: kila mtoto na shule ya lugha ya nyumbani kwake, na mzazi hata haki ya kuchagua akanyimwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kielimu kabisa, kwamba mtoto hufundishika vyema kwa lugha ya mama.

Haya yote, bila shaka umeshagundua, yalikuwa mazungumzo ya weupe kuhusu weupe. Malherbe hakuhesabu shule za Waafrika, wala Smuts hakukusudia kumkalisha mtoto wa Kizulu kwenye benchi hilo. Ndiyo maana kilichofuata kinatia hasira zaidi. Mwaka 1974 serikali ileile iliyoapa kwa jina la lugha ya mama ilitoa amri kwamba shule za Waafrika zifundishe nusu kwa nusu: hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiafrikana, sayansi na masomo ya vitendo kwa Kiingereza. Mpango wa lugha mbili uliokuwa sumu kwa mtoto mweupe ukageuka kuwa dawa ya lazima kwa mtoto wa Soweto, tena kwa lugha mbili ambazo hakuna hata moja iliyo ya mama yake. Walimu wengi wenyewe hawakukijua Kiafrikana cha kufundishia hesabu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliingia barabarani, polisi wakafyatua risasi, na picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akiwa amebebwa mikononi ikazunguka dunia.

Sehemu ya vijana waliokimbia baada ya siku ile tuliwapokea sisi. Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Majengo yake leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliofika pale walifundishwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyewalaumu. Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya kutorokea, na ukitaka kuelewa kwa nini mzazi wa Soweto leo humwambii kitu kuhusu uzuri wa kusoma kwa Kiafrikana, anzia hapo.

Baada ya 1994 sheria ilijaribu kumridhisha kila mtu. Katiba ya 1996, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kufundishwa kwa lugha rasmi anayoichagua, pale inapowezekana kwa kadiri ya busara, na inaitaka serikali ipime njia zote zinazofaa, shule ya lugha moja ikiwemo, huku ikizingatia usawa, utekelezaji na ulazima wa kurekebisha dhuluma zilizopita. Sheria ya shule ya mwaka huohuo ikaipa bodi ya shule, ambamo wazazi ndio wengi, mamlaka ya kupanga lugha ya kufundishia. Kanuni zilizofuata mwaka 1997 zikaweka kipimo: wakipatikana wanafunzi 35 wa darasa moja la sekondari wanaotaka lugha fulani, basi inahesabiwa kuwa inawezekana.

Tangu hapo kesi hazijaisha, na karibu zote zinahesabu viti. Mji wa Ermelo, Mpumalanga, mwaka 2007: watoto 113 wa darasa la 8 hawana pa kwenda, wanafundishwa kwenye jengo lililokuwa la kufulia nguo, huku sekondari ya Kiafrikana kitupu ya mji huo, Hoërskool Ermelo, ina wanafunzi wasiofika 600 na vyumba vimebaki. Mahakama ya Katiba, kwa hukumu ya mwaka 2009 iliyoandikwa na Naibu Jaji Mkuu Dikgang Moseneke, ilisema mamlaka ya bodi si ya kujifungia. Idara ya elimu inaweza kuyaingilia ikiwa na sababu za msingi, ingawa safari ile idara yenyewe ilikosea utaratibu. Shule ikaagizwa iitazame upya sera yake ya lugha kwa kuangalia mahitaji ya mji mzima. Miaka tisa baadaye ikawa zamu ya Hoërskool Overvaal, Vereeniging. Idara ya Gauteng, chini ya Panyaza Lesufi, iliiamuru ipokee watoto 55 wa kusoma kwa Kiingereza. Mahakama Kuu ikaipa shule ushindi: ilikuwa imejaa, na jirani zipo shule mbili za Kiingereza zenye nafasi. Nje ya geti kulikuwa na waandamanaji, polisi na mabomu ya petroli.

Ermelo shule ilistahili kuagizwa, Overvaal idara ilistahili kushindwa. Hukumu zote mbili naziona za haki. Ila soma karatasi zote za kesi hizo kadiri upendavyo, hutakuta mahali mtu anauliza: watoto hao wakishaingia, watakaa na nani? Kila upande ulichukulia kwamba Kiingereza kikija kitakuja na chumba chake.

Waafrikana wanaopinga mkondo wa Kiingereza wana hofu moja ambayo si ya kubeza. Wanasema mkondo huo hauji kukaa, unakuja kumiliki. Unaanza na darasa moja, mwaka wa tatu yana usawa, mwaka wa kumi mkondo wa Kiafrikana ni wa watoto wachache ambao wazazi wenyewe wanaanza kujiuliza wanafanya nini humo. Mantiki yake ni rahisi: kila mtoto ambaye lugha ya nyumbani si Kiafrikana ataingia upande wa Kiingereza, na hata baadhi ya nyumba za Kiafrikana zitahamia huko kwa ajili ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Pretoria kilishaanza kuwapokea wanafunzi wapya kwa Kiingereza tangu 2019. Mahakama ya Katiba iliiruhusu Stellenbosch mwaka huohuo kukipa Kiingereza nafasi ya mbele, na ni Unisa tu iliyoambiwa mwaka 2021 kwamba imekiondoa Kiafrikana isivyo halali. Ukiwa mzazi unayeangalia mwelekeo huo, kusema kwamba lugha yako inabanwa si ndoto za usiku.

Shida ni kwamba dawa wanayoitaka, ukuta mrefu zaidi, inawaacha nje wenye lugha hiyo walio wengi. Zaidi ya nusu ya wanaozungumza Kiafrikana nyumbani si weupe. Ni watu wa Cape Flats, wa Rasi Kaskazini, wa mashamba ya zabibu. Kiafrikana chenyewe kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye madrasa za Cape Town wakati wasomi weupe bado wanakiona Kiholanzi kibovu cha jikoni. Mwanazuoni Abu Bakr Effendi, aliyetumwa Rasi na dola ya Uthmania, alitunga kwa lugha hiyo kitabu cha fiqhi kilichochapwa Istanbul mwaka 1877. Sisi wenye tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizohizo hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtoto wa kichotara wa Upington anayesoma kwa Kiafrikana hatetei utamaduni wa mtu, anasoma tu. Katika kelele za AfriForum humsikii, na katika kelele za chama tawala humsikii vilevile.

Na kuna asiyesikika kabisa. Sensa ya 2022 inaonyesha Kizulu ni lugha ya nyumbani kwa asilimia 24.4 ya watu, Kixhosa asilimia 16.3, Kiafrikana 10.6, na Kiingereza 8.7 tu. Lakini shule ya lugha mbili, popote unapolisikia jina hilo kwenye sekondari ya maana, ni ya hizo lugha mbili za mwisho. Mtihani wa taifa wa darasa la 12, kwenye hisabati, fizikia au uhasibu, umezoea kutoka kwa Kiingereza na kwa Kiafrikana. Mzulu anaambiwa ana uhuru wa kuchagua lugha, kisha anaonyeshwa karatasi mbili ambazo zote si zake. Anachagua Kiingereza. Mzazi huyo si mjinga wala hajaidharau lugha yake. Amesoma karatasi ya mtihani vizuri kuliko wanaomhubiria.

Januari 2019 picha moja kutoka shule ya msingi ya Schweizer-Reneke iliwasha moto nchi nzima: watoto wadogo weupe wamekaa pamoja kwenye meza kubwa, na weusi wanne wako meza ya peke yao karibu na mlango. Katika maelezo yaliyotolewa baadaye, mojawapo lilikuwa kwamba wale wanne walikuwa bado hawajui Kiafrikana wala Kiingereza, wakakalishwa pamoja ili waweze kusaidiana. Huenda ilikuwa kweli. Kwangu hilo halipunguzi kitu, maana ndilo jambo lenyewe ninalolieleza: sababu ya lugha inaweza kuwa ya kweli kabisa, na meza zikabaki zilivyo.

Serikali imeanza kugusa upande huu. Mpango wa kufundisha kwa lugha ya mama sambamba na Kiingereza kupita darasa la 3 ulianza kuingizwa darasa la 4 mwaka 2025. Huo ni mwanzo wa maana kuliko yote yaliyomo kwenye ugomvi wa Septemba 2024, na umepata robo ya kelele zake.

Kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwa sababu sisi tunayo shule ya lugha mbili kubwa kuliko zote, ila haina kibali. Ingia kidato cha pili kwenye shule ya kata yoyote Tanzania. Ubaoni kumeandikwa Kiingereza. Mwalimu akigeuka, anafafanua kwa Kiswahili, kwa sababu anataka waelewe. Mwanafunzi anauliza kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiswahili, ananakili kwa Kiingereza. Mkaguzi akipita mlangoni, Kiswahili kinakatika katikati ya sentensi. Mtihani ukija ni Kiingereza kitupu, na yaliyoeleweka kwa lugha moja yanatakiwa yatoke kwa nyingine. Sera ya elimu ya 2014 iliahidi kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Sekondari bado ziko palepale. Tunachokosa ni kitu ambacho mtoto wa Kiafrikana amekuwa nacho kwa zaidi ya miaka mia: karatasi ya mtihani iliyo katika lugha aliyoelewea somo. Wenye uwezo wanakimbilia inglishi midiamu tangu chekechea, kwa hesabu ileile ya mzazi wa Soweto.

Ningekuwa na kauli juu ya hizo shule za Afrika Kusini, ningeanza na karatasi hiyo. Swali kwa Kiafrikana upande wa kushoto, swali hilohilo kwa Kiingereza upande wa kulia, na palipo na Wazulu wengi au Watswana wengi, safu ya tatu. Mtahiniwa ajibu kwa anayoitaka. Ukishakuwa na karatasi ya namna hiyo huna tena sababu ya kuwagawa watoto tangu darasa la 8, kwa sababu mgawanyo wa mikondo umesimama juu ya mgawanyo wa mitihani. Hapo benchi la Malherbe linawezekana tena, safari hii bila sharti la rangi. Najua pingamizi: mwalimu wa Kiingereza asiyejua Kiafrikana atafanyaje, mtoto aliyefika juzi kutoka Limpopo atakamataje. Ni kweli, mwaka wa kwanza utakuwa mgumu, na shule zitahitaji walimu wa kuwashika mkono wageni wa lugha. Lakini fedha inayolipa somo moja kufundishwa mara mbili kwenye vyumba viwili ndiyo hiyohiyo ingemlipa mwalimu wa pili ndani ya chumba kimoja. Walimu wenye lugha zote mbili wapo tayari, tumemwona mmoja akifuta majina ya sehemu za seli ubaoni. Na wapo wanaojua tatu. Wanatumia ya tatu kwenye mapumziko tu, kwa sababu hakuna aliyewaomba waitumie darasani.

Kuongeza lugha tu hakutoshi. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kingeweza kufundishwa katika shule zake kama somo la hiari kuanzia 2020, na sisi tukashangilia kana kwamba tumechukua kombe. Somo la hiari kwenye ratiba iliyogawanyika ni kipindi kingine cha kujazwa, baada ya watoto kuwa wameshapangiwa pa kukaa.

Sheria ya 2024, ile sehemu iliyoleta ugomvi, inaitaka kila bodi ya shule ipeleke sera ya lugha kwa mkuu wa idara ya elimu ya jimbo kwa idhini, na inampa mkuu huyo uwezo wa kuiagiza shule iwe na lugha zaidi ya moja ya kufundishia, akizingatia maslahi ya mtoto, idadi ya wanaohitaji lugha hiyo na matumizi ya vyumba vilivyopo. Ramaphosa alisubirisha vifungu vya lugha na uandikishaji kwa miezi mitatu ili vyama vijadiliane, kisha Desemba hiyohiyo akaviacha vianze kazi. Kuhusu namna lugha hizo mbili zitakavyokaa ndani ya shule, sheria imenyamaza. Atakayeamua ni mkuu wa shule na mwalimu wake wa ratiba, mwezi Januari, siku mbili kabla ya kufungua. Wana orodha ya majina mezani, kwenye fomu kuna kisanduku cha lugha, na njia nyepesi kuliko zote ni kuipanga orodha kwa kufuata kisanduku hicho. Mkuu wa idara anayetia saini sera hiyo ana uwezo wa kuuliza, kabla wino haujakauka, ni watoto wangapi wa kila lugha watakaosoma hisabati chumba kimoja. Sijaona dalili kwamba kuna fomu yenye swali hilo.